Kosa ni mtoto wa nani?

Juma hili, katika ukurasa wetu wa jamaa, hatutasema juu ya malaria wala juu ya mahindi. Tutasema juu ya filamu ambazo watoto wetu wanaziangalia sisi tukiwa sokoni, shambani au mtoni tukisafisha mawe. Mama akirudi jioni anakuta bukari haijasongwa, watoto watano wamekusanyika mbele ya simu moja, na hakuna anayesikia mtu akibisha mlangoni.

Tusianze kwa kugombana nao. Kwanza tujue wanachokiangalia. Filamu nyingi wanazozipenda siku hizi zimetoka katika michezo ya video, ile ambayo mtoto anashika vitufe na kumwongoza mtu ndani ya kioo aruke, akimbie, apigane. Wenye sinema wakiona mchezo umependwa, wanautengenezea filamu. Wakifika hapo, karibu kila mara wanaongeza mtu ambaye hakuwako katika mchezo. Wanambuni, wanampa jina, wanampa kazi ya kufanya. Tumechagua mtu mmoja wa namna hiyo, kwa sababu filamu yake ilipigwa picha huku kwetu Afrika ya Mashariki, na kwa sababu jina lake kila msemaji wa Kiswahili lazima alishangae. Jina lake ni Kosa.

Kosa ametoka wapi

Mwaka 1996 kampuni moja ya Uingereza, Core Design ya mji wa Derby, ilitoa mchezo uitwao Tomb Raider. Ndani yake kuna mwanamke, Lara Croft, anayeingia katika makaburi na mahekalu ya zamani kutafuta vitu vya thamani. Mchezo ulienea dunia nzima. Mwaka 2001 ukatengenezewa filamu, na Lara akaigizwa na Angelina Jolie. Mwaka 2003 ikaja filamu ya pili, iliyoongozwa na Jan de Bont. Jina lake kwa Kiswahili tungesema Chimbuko la Uhai.

Katika filamu hiyo ya pili Lara anatafuta kasha la hatari, ambalo ndani yake kuna ugonjwa wa kuweza kuua watu wengi. Mtu mmoja mwovu, Daktari Reiss, naye analitaka ili auze ugonjwa huo kama silaha. Baada ya kuzunguka kutoka Ugiriki hadi China, safari inaishia Afrika, upande wa mlima Kilimanjaro. Ndipo Kosa anapoonekana. Anaendesha gari porini, na Lara anamshukia kutoka angani kwa parashuti. Ni rafiki yake wa siku nyingi. Anampeleka kijijini kwa wazee wanaojua siri ya mahali lile, na mkuu wa kijiji akisema, Kosa anageuza maneno yake ili Lara aelewe.

Picha za sehemu hiyo zilipigwa Kenya, kwa muda wa majuma kama 2, katika mbuga ya Amboseli, ambako Kilimanjaro inaonekana vizuri, na katika mbuga ya Hell's Gate karibu na ziwa Naivasha, penye miamba mirefu na mvuke unaotoka ardhini. Kwa hiyo nchi anayoiona mtoto ni nchi ya kweli. Tembo ni wa kweli na mlima ni wa kweli. Lakini Kosa hakuwako katika mchezo wa 1996. Alibuniwa kwa ajili ya filamu.

Halafu lile jina. Huku kwetu tunao akina Tabu, Shida na Mateso. Mama aliyejifungua katika vita au katika njaa aliweka habari ya siku ile katika jina la mtoto. Lakini Kosa? Ni mama gani angemwita mwanawe Kosa, jirani wakiita kila asubuhi, "Kosa, njoo"? Neno ni letu na kila mtoto wa masomo ya msingi anajua maana yake. Anayejua Kiswahili akiisikia filamu hiyo, anacheka kwanza, kisha anauliza: waliombuni mtu huyu, walimwuliza nani?

Kwa nini wanabuni watu

Tusiwahukumu haraka. Kubuni mtu na kumwingiza katika hadithi ya zamani si jambo baya, hata nkambo zetu walifanya hivyo. Mnakumbuka hadithi za Kalulu, sungura mwenye akili. Kila nkambo alikuwa na Kalulu wake. Kama usiku ule mjukuu mmoja alikuwa amekataa kuteka maji, katika hadithi akatokea ghafla mtoto mmoja mvivu aliyekataa kuteka maji, na fisi akamkuta njiani. Jana yake mtoto huyo hakuwamo. Nkambo alimbuni pale pale motoni, ili yule mjukuu ajione.

Wenye sinema wana sababu zinazofanana na hiyo. Katika mchezo, mtoto mwenyewe ndiye anayetenda. Akifa anaanza tena. Katika filamu anakaa tu na kuangalia, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwingiza ndani, mtu anayeuliza maswali ambayo sisi tusiojua mchezo tungeuliza.

Mfano unaojulikana sana ni Alice wa filamu za Resident Evil, ambazo zimetoka katika mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani. Alice, aliyeigizwa na Milla Jovovich, hakuwako kabisa katika mchezo. Katika filamu ya kwanza, mwaka 2002, anaamka bila kukumbuka jina lake wala mahali alipo, na mtazamaji anajifunza kila kitu pamoja naye. Watu walimpenda, akabeba filamu 6 mpaka mwaka 2016. Mwaka 2021 filamu ya Mortal Kombat nayo ilileta mtu mpya, Cole Young, lakini yeye wapenzi wengi wa mchezo walimkataa. Walisema wamekuja kuwaona wale waliowazoea, kwa nini wanaletewa mgeni aketi kiti cha mbele?

Na mwaka 2025 ikaja filamu ya Minecraft, mchezo wa kujenga nyumba na miji kwa vipande vya mraba, ambao hata watoto wadogo wanaujua. Katika mchezo hakuna hadithi ya jamaa. Katika filamu walibuni ndugu wawili, Natalie na Henry. Mama yao amekufa, na dada mkubwa amebaki kumlea mdogo wake. Wamama, hali hiyo hatuhitaji kuelezwa. Katika kartye zetu ni dada wangapi wanaolala wakiwa watoto na kuamka wakiwa wazazi? Mtu aliyebuniwa vizuri anaweza kumfungulia mtoto mlango wa kusema jambo alilolificha moyoni.

Swali la mama

Sasa turudi kwa Kosa. Kijana mgeni akiingia katika uwanja wa nyumba, mama yeyote wa huku, awe Msanga, Muluba, Mulunda au Muchokwe, anauliza jambo moja kabla ya kumpa kiti: huyu ni mtoto wa nani? Hatuulizi kwa ubaya. Tunataka kujua alikotoka, nani atamlilia akipotea, nani tutampelekea habari.

Tumuulize Lara Croft swali hilo, filamu inajibu mara moja. Ni binti ya Lord Croft. Baba yake amekufa, naye bado anamlilia. Katika filamu ya 2001 baba huyo aliigizwa na Jon Voight, ambaye ni baba mzazi wa Angelina Jolie. Tunaiona nyumba yake kubwa na watu wanaomtumikia. Tunajua anachokitaka na anachokiogopa. Hata Alice, ambaye mwanzoni hajui chochote juu yake mwenyewe, anatembea filamu baada ya filamu akitafuta asili yake, na katika ile ya 6 anapewa jibu.

Tumuulize Kosa, filamu inanyamaza. Mama yake ni nani? Ana mke? Ana watoto? Usiku analala wapi? Baada ya Lara kurudi kwao, yeye anarudi wapi? Kosa ni mwema, ni hodari, anajua njia na anajua lugha. Lakini kila anachokifanya ni kwa ajili ya safari ya mwingine. Anaendesha gari, anageuza maneno, anaongoza. Yeye mwenyewe anataka nini? Hatuambiwi.

Hilo ndilo linalotuhusu sisi wazazi. Mtoto wa Kolwezi akitazama filamu 10, na katika zote mtu anayefanana na mjomba wake yupo tu wa kubeba mizigo na kuonyesha njia, hakuna mtu anayemwambia kwa mdomo kwamba yeye ni mdogo kuliko wengine. Lakini polepole anajifunza mahali pake ni wapi katika hadithi. Mvua ya rasharasha nayo hulowesha.

Mtu aliyeigiza Kosa

Jambo la kushangaza ni kwamba yule aliyemwigiza Kosa ana historia kuliko Kosa mwenyewe. Anaitwa Djimon Hounsou. Alizaliwa mwaka 1964 mjini Cotonou, nchi ya Benin. Akiwa bado kijana mdogo alipelekwa Ufaransa. Aliacha masomo, na kwa muda huko Paris hakuwa na mahali pa kulala. Ndipo mshonaji mashuhuri wa mavazi, Thierry Mugler, alipompa kazi ya kuonyesha nguo zake. Kutoka hapo akaingia sinema. Mwaka 1997, katika filamu ya Amistad, aliigiza Mwafrika aliyetekwa utumwani akaongoza wenzake kuasi ndani ya meli.

Miaka 3 baada ya Kosa, mwaka 2006, Hounsou alionekana katika filamu nyingine, Blood Diamond, iliyoongozwa na Edward Zwick. Haikutoka katika mchezo wa video. Ni hadithi ya Sierra Leone wakati wa vita. Anaigiza Solomon Vandy, mvuvi anayekamatwa na waasi na kulazimishwa kuchimba almasi, huku mtoto wake wa kiume akitekwa na kufanywa askari. Huyu Solomon tukimuuliza ni mtu wa nani, anajibu kwa kila hatua. Ana mke na watoto. Ana kazi aliyoipenda kabla ya vita. Ana hasira na ana hofu, na jambo moja tu linamsukuma: kumpata mwanawe amrudishe nyumbani. Kwa kazi hiyo Hounsou alichaguliwa miongoni mwa waliowania tuzo ya Oscar, na ilikuwa mara yake ya 2.

Mwigizaji ni yule yule, na sura ni ile ile. Tofauti iko kwa waliomwandikia. Mmoja alipewa kazi bila jamaa, mwingine alipewa jamaa, na kwa sababu ya jamaa hiyo tunalia pamoja naye. Mama aliyezikwa mtoto wake na udongo katika shimo la madini anajua Solomon anatafuta nini.

Kasha la filamu na mawe yetu

Kuna jambo jingine ndani ya filamu ya Kosa ambalo watu wa Lualaba hawawezi kulipita. Hadithi yote ni ya wageni wanaogombania kitu kilichofichwa katika ardhi ya Afrika. Wenyeji wanajua kipo, wanajua hatari yake, wanakilinda. Mwishoni Reiss anakufa, na Lara analiacha kasha pale pale lilipokuwa.

Sisi pia tunaishi juu ya kasha. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka hapa, katika jimbo letu la Lualaba lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Kobalti inaingia katika betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme. Ile simu watoto wanayoishika kumwangalia Kosa, betri yake inaweza kuwa na unga wa jiwe lililooshwa na mama wa Kolwezi akiwa amesimama katika maji mpaka magotini.

Tofauti na filamu, kasha letu halibaki ardhini, linafunguliwa kila siku. Basi tuwaeleze watoto habari hiyo. Wasifikiri kwamba simu na filamu ni vitu vya wengine ambavyo sisi tunaazima tu. Mikono ya wazazi wao imo ndani. Mtoto anayejua hivyo hawezi kuiangalia filamu kama mtu anayechungulia kwa dirisha la jirani.

Na lugha yetu imo ndani pia, ingawa si kila mara kwa heshima. Mwaka 2009 mchezo wa Resident Evil namba 5 uliwekwa katika mji wa kubuniwa wa Afrika, na watu wale waliogeuka kuwa waovu wakaitwa Majini. Neno hilo hatuhitaji kutafsiriwa. Watu wengi walilalamika hata kabla mchezo haujatoka, wakisema picha zake zinawaonyesha Waafrika kama kundi la kuuawa tu. Ni kweli ndani ya mchezo huo yuko pia Sheva, mwanamke wa Afrika, shujaa anayepigana bega kwa bega na yule mzungu. Lakini mtoto akicheza, tumuulize: kwa nini jina la wabaya limetoka katika lugha ya mama yako?

Tufanye nini nyumbani

Kuwanyang'anya simu na kunyamaza hakusaidii. Wataangalia kwa jirani. Tunapendekeza mambo haya machache.

Kwanza, tujue umri. Huko Marekani filamu zinapewa alama. Filamu ya Kosa ilipewa alama ya kuwaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13. Ile ya kwanza ya Resident Evil na ile ya Mortal Kombat ya 2021 zilipewa alama kali zaidi: aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mzazi. Zina damu nyingi, si za watoto wadogo. Minecraft ni laini zaidi. Filamu zinazopita kwetu kutoka simu moja hadi nyingine hazina alama hizo, kwa hiyo alama ni wewe mama.

Pili, tuangalie pamoja, hata mara moja kwa juma. Nyingi zinasema Kifaransa, na si sisi wote tulikaa masomoni muda mrefu. Hilo lisituogopeshe. Mtoto ageuze maneno kwa ajili ya mama na nkambo. Anapotafuta neno la Kiswahili la kusema aliyoyasikia, anafikiri mara mbili, na nkambo naye anapata nafasi ya kutia neno lake. Mkalimani ana kazi ya heshima, mradi hadithi iwe ya jamaa yake pia.

Tatu, tuulize maswali. Haya matatu yanatosha kwa filamu yoyote:

Huyu ni mtoto wa nani? Filamu imetuonyesha jamaa yake?

Yeye mwenyewe anataka nini, mbali na kuwasaidia wengine?

Hadithi ikiisha, nani amebaki na kitu mkononi?

Mtoto wa miaka 8 anaweza kujibu. Mtoto wa miaka 15 atajifanya amechoka, lakini usiku atayawaza.

Nne, tuwaache wabuni wenyewe. Kama wenye sinema waliweza kumwongeza Kosa, watoto wetu wanaweza kuongeza mtu wao. Wachukue mchezo wanaoupenda, wabuni mtu mmoja kutoka Kolwezi. Wampe jina zuri. Waseme mama yake anauza nini, anaishi komine gani, Dilala au Manika, anaogopa nini, anacheka kwa sababu gani. Wachore au waandike, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Na wale wanaompenda Kosa wasikatazwe. Waambieni wamwandikie mama.

Wamama wa likelemba, tunaomba siku ya mkutano ujao kila mmoja alete karatasi moja ya mtoto wake, pamoja na mchango. Tutazisoma kwa sauti kabla ya kuhesabu pesa. Msisahihishe makosa ya watoto. Msiwaandikie ninyi. Karatasi zikilowa mvua njiani, zileteni hivyo hivyo, tutazianika.